Takwimu za metilesheni ni za bure, kuzisafisha ndiko kwenye kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hoja inayorudiwa kila mara vyuoni, na hata katika kurasa za afya: kwamba huku kwetu hatuwezi kuchunguza metilesheni ya DNA mpaka tupate mashine za mamilioni. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini mwanafunzi wa uzamili aliyeko Upanga au Mlimani, akiwa na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16, anaweza leo hii kupata vipimo vya maelfu ya watu bila kulipa hata senti, ukiacha bando. Kinachomkwamisha ni kutoambiwa mitego iliyomo katika takwimu hizo, na baadhi yake humnasa zaidi anayechunguza damu ya Mwafrika.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kidogo. DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Pale C inapofuatwa na G, mahali panapoitwa CpG, mwili huweza kubandika juu ya ile C kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili. Herufi haibadiliki, ila jeni ya jirani yaweza kuzimwa au kuachwa ikifanya kazi. Binadamu ana CpG takriban milioni 28, na katika seli nyingi asilimia 70 hadi 80 ya hizo zina methili. Umri, sigara na saratani hubadilisha mpangilio huo, ndiyo maana unafuatiliwa.

Njia iliyozoeleka ya kupima huanza kwa kuiweka DNA katika bisalfaiti. C isiyo na methili hugeuka na kusomwa kama T, yenye methili inabaki C. Kisha DNA hupitishwa juu ya chipu yenye vipimaji vidogo viitwavyo probu. Chipu ya Illumina ya mwaka 2011, maarufu kama 450K, ina probu zaidi ya 485,000. Iliyofuata, EPIC, ina takriban 866,000, na toleo lake la pili lina zaidi ya 930,000. Kila probu hutoa namba kati ya 0 na 1 inayoitwa beta: karibu na 0 maana yake karibu seli zote hazina methili mahali hapo, karibu na 1 maana yake karibu zote zinayo. Kwa hiyo hata chipu kubwa kabisa inaona CpG 3 tu katika kila 100. Anayesema amepima "metilesheni yote ya binadamu" kwa chipu aulizwe vizuri.

Kanzidata kubwa kuliko zote kwa takwimu hizi ni GEO ya NCBI, kituo cha taifa cha taarifa za bioteknolojia cha Marekani, iliyoanza mwaka 2000. Ukitafuta kwa jina la ugonjwa peke yake utaletewa mchanganyiko wa kila kitu. Tafuta kwa jina la ugonjwa pamoja na namba ya chipu: GPL13534 kwa 450K, GPL21145 kwa EPIC, GPL33022 kwa EPIC toleo la pili. Ulaya wana kanzidata kama hiyo, ArrayExpress. Kwa saratani kuna mradi wa TCGA, aina 33 za saratani na wagonjwa zaidi ya 11,000, unaopatikana katika tovuti ya GDC. Na kabla ya kuanza lolote, pitia EWAS Catalog, orodha ya matokeo ya metilesheni yaliyokwisha kuchapishwa, uone kama swali lako limeshajibiwa.

Usipakue kwanza. Soma maelezo ya sampuli. Hapo ndipo tasnifu nyingi zinapofia, na hakuna programu inayokuonya. Je, umri upo? Jinsia? Uvutaji sigara? Ni damu nzima, mate, au tishu iliyohifadhiwa katika nta? Tishu ya nta DNA yake imekatikakatika na haifai kuchanganywa na tishu mbichi kana kwamba ni kitu kimoja. Angalia pia jinsi maelezo yalivyopangwa. Katika faili za GEO sifa za sampuli huandikwa safu kwa safu, na mtu mmoja akikosa umri, sifa zake zinazofuata husogea nafasi moja: jinsia inakaa palipopaswa kuwa na umri, aina ya tishu inakaa palipopaswa kuwa na jinsia. Ukisoma kwa kufuata nafasi ya safu badala ya jina la sifa, watu kadhaa watakuwa wamebadilishwa na hutajua.

Halafu kuna sampuli zilizojirudia. Maabara moja huweka watu walewale katika mafungu mawili au matatu yenye namba tofauti za GSE (utambulisho wa kila fungu katika GEO), kila moja kwa ajili ya makala yake. Anayeyaunganisha akidhani ameongeza idadi ya watu amewahesabu walewale mara mbili. Chipu ya 450K ina probu 65 zinazosoma tofauti za kurithi, na EPIC ina 59. Linganisha probu hizo kati ya sampuli na sampuli: wawili wakilingana zote, aidha ni mtu mmoja au ni mapacha wa kufanana.

Tuje kwenye upakuaji, ambao kwa intaneti yetu ni kazi yenyewe. Kila sampuli ina faili mbili za IDAT, yaani faili ghafi zinazotoka kwenye chipu, ya rangi nyekundu na ya kijani. Kwa 450K kila moja ina kama MB 8 kabla ya kubanwa, kwa EPIC kama MB 13. Watu 100 wa EPIC ni GB 2.6 hivi. Programu ya takwimu ya R isipoambiwa vinginevyo hukata upakuaji ikifika sekunde 60, na matokeo yake ni faili nusu ambayo mwanafunzi anaifungua, inakataa, anaanza kuilaumu kompyuta. Ongeza muda huo kwa options(timeout = 7200), au bora zaidi pakua nje ya R kwa wget yenye alama ya -c, ambayo umeme ukikatika au bando likiisha huendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Ukimaliza, pima faili kwa gzip -t kabla ya kuifungua. Ikikaa kimya, ni nzima.

Kuhusu RAM, piga hesabu kabla. Kila namba katika R hula baiti 8. Probu 866,000 kwa watu 100 ni MB 690 hivi kwa jedwali moja tu la beta. Jedwali la 450K la watu 689 ni GB 2.7. Na minfi, programu inayotumiwa na wengi, hushika majedwali kadhaa kwa mkupuo mmoja, ya nyekundu, kijani, yenye methili na yasiyo na methili. Kwa RAM ya GB 8 kompyuta itaganda. Soma sampuli kwa mafungu, au tupa probu mbovu mapema.

Na tafadhali, jedwali lisifunguliwe kwa Excel. Kuna jeni iliyokuwa ikiitwa SEPT9, ambayo metilesheni yake inatumika katika kipimo cha damu cha saratani ya utumbo mpana kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Excel huigeuza kuwa tarehe 9 Septemba. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020 wenye mamlaka ya majina ya jeni waliibadilisha ikawa SEPTIN9, lakini faili za zamani bado zina jina la zamani.

Ukipewa uchaguzi kati ya IDAT na jedwali lililokwisha kusindikwa, chukua IDAT. Jedwali lililosindikwa huwezi kujua limepitia nini, hata maelezo yakisema. Ikibidi ulitumie, anza kwa kutazama namba ndogo na kubwa kabisa. Zikiwa kati ya 0 na 1 ni beta. Zikiwa na hasi ni thamani za M, yaani beta iliyogeuzwa kwa logi ya msingi wa 2, ambapo 0.5 inakuwa 0, 0.8 inakuwa 2 na 0.2 inakuwa hasi 2. Zikifika 100 ni asilimia. Kulisawazisha (yaani kuzileta namba zake kwenye mizani moja) jedwali lililokwisha kusawazishwa ni kuharibu, na kulichanganya na jedwali la maabara nyingine lililosindikwa kwa njia nyingine ni kuharibu zaidi.

Ukiwa na IDAT, ukaguzi wa kwanza ni nguvu ya ishara. Probu ambayo haitofautiki na giza, yaani thamani yake ya p ya utambuzi (uwezekano kwamba ishara hiyo ni kelele tu) inazidi 0.01, haikusoma kitu. Mimi huondoa probu iliyoshindwa kwa zaidi ya asilimia 5 ya watu, na mtu aliyeshindwa kwa zaidi ya asilimia 5 ya probu. Ukaguzi wa pili ni jinsia: nguvu ya ishara za kromosomu X na Y itakuambia kama sampuli ni ya mwanamume au mwanamke. Isipolingana na maelezo, mirija ilibadilishana mahali fulani, na huna namna ya kujua iliyobadilishana nayo. Iondoe.

Kusawazisha kunahitajika kwa sababu ndani ya chipu moja kuna aina mbili za probu. Kwenye 450K, kama 135,000 ni aina ya kwanza na 350,000 ni aina ya pili, na aina ya pili haifiki vizuri kwenye ncha za 0 na 1. Njia iitwayo Noob husafisha kila sampuli peke yake, hivyo inafaa pale unapounganisha mafungu. Usawazishaji unaolazimisha sampuli zote ziwe na mtawanyo mmoja usiuguse ukilinganisha uvimbe wa saratani na tishu nzima, maana saratani hubadilisha mtawanyo wenyewe na wewe utakuwa umefuta ulichokuja kukitafuta.

Sasa nije kwenye mtego unaotuhusu sisi hasa.

Chukua probu moja, uchore nukta ya kila mtu. Kwa kawaida nukta hukaa pamoja, tuseme kati ya 0.70 na 0.85. Katika probu fulani utaona mafungu matatu yaliyoachana kabisa: moja karibu na 0.9, la pili karibu na 0.5, la tatu dogo karibu na 0.1. Hiyo si metilesheni. Ni watu waliorithi C kwa wazazi wote wawili, waliorithi C kwa mmoja na T kwa mwingine, na waliorithi T mbili. Mwenye T hana CpG mahali hapo, hana pa kubandika methili, na chipu haiwezi kutofautisha T ya kuzaliwa nayo na T iliyotengenezwa na bisalfaiti. Mwanafunzi anayelinganisha Watanzania na Wazungu bila kuondoa probu hizi atapata "tofauti" nyingi zenye thamani za p za kutisha, na karibu zote zitakuwa tofauti za herufi za kurithi.

Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za kurithi kuliko watu wa mabara mengine. Kwa hiyo orodha ya probu mbovu iliyotengenezwa kwa kuangalia watu wa Ulaya itaacha nyingi ambazo kwao ni nadra na kwetu ni za kawaida. Dawa yake ni kuchukua tofauti zilizoorodheshwa na mradi wa 1000 Genomes, uliosoma DNA za watu wa mabara mbalimbali, kuchuja kwa fungu la Afrika, na kuondoa kila probu yenye tofauti inayofikia asilimia 1 ya watu pale penye CpG yenyewe au kwenye herufi chache za jirani. Katika fungu hilo wamo Waluhya wa Webuye, Kenya, ambao ndio walio karibu nasi zaidi kijiografia. Bado si Wazaramo wala Wasukuma, kwa hiyo baada ya kuchuja, chora nukta za probu 50 za juu kabisa katika matokeo yako, uzitazame moja moja kwa macho. Ukiona mafungu matatu, tupa. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na nashangaa jinsi watu wanavyoikwepa.

Pamoja na hizo ondoa probu zinazonata sehemu zaidi ya moja ya DNA. Utafiti wa mwaka 2013 ulizihesabu 29,233 katika 450K, sawa na asilimia 6 ya chipu nzima, na orodha yake inapatikana bure.

Mtego wa pili ni damu yenyewe. Damu nzima ni mchanganyiko wa chembe nyeupe za aina mbalimbali, na kila aina ina mpangilio wake wa metilesheni. Ni kama gunia lenye mchele wa Mbeya na wa Morogoro: bei ya wastani ikibadilika, huenda punje hazijabadilika hata moja, kilichobadilika ni kiasi cha kila aina. Mgonjwa mwenye uvimbe wa viungo ana nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, nyingi kuliko mtu mzima wa afya. Ukilinganisha bila kurekebisha, utatangaza jeni za baridi yabisi kumbe umehesabu nyutrofili.

Programu kama EpiDISH, au zana iliyomo ndani ya minfi, hukadiria uwiano wa kila aina ya chembe kutokana na metilesheni yenyewe. Uwiano huo unaingizwa katika mfumo wa hesabu pamoja na umri na jinsia. Kumbuka kwamba ukiujumlisha wote unapata 1, hivyo acha aina moja nje, la sivyo hesabu itagoma au itakupa namba zisizo na maana. Lakini jua pia kipimo cha rejea, yaani vipimo vya kila aina ya chembe ambavyo programu hulinganisha navyo, kimetoka wapi. Rejea iliyotumiwa kwa miaka mingi kwa 450K ilitokana na damu ya wanaume 6 wa Sweden. Huku kwetu watu wengi wazima wa afya wana nyutrofili chache kwa asili, kwa sababu ya mabadiliko katika jeni ya Duffy, yaleyale yanayozuia malaria ya vivax. Ongeza malaria, minyoo na VVU, ambavyo vyote hupandisha au kushusha aina fulani ya chembe. Kama una hesabu halisi ya chembe za damu kutoka maabara ya hospitali, itumie kuyakagua makadirio ya programu.

Hapa niseme kuhusu selimundu, kwa kuwa ni mada inayopendwa Dar es Salaam na kwa haki kabisa. Inajulikana kwamba jeni za himoglobini ya mtoto mchanga, HBG1 na HBG2 katika kromosomu ya 11, huzimwa baada ya kuzaliwa na metilesheni ina mkono katika kuzimwa huko. Ndiyo maana dawa ya desitabini, inayopunguza metilesheni, hupandisha himoglobini hiyo kwa wagonjwa. Kwa hiyo mwanafunzi anawaza: nitachukua takwimu za damu nzima kutoka GEO, nitazame HBG1. Wazo zuri, mahali si penyewe. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, haina DNA. Kwa kawaida DNA ya damu nzima inatoka kwenye chembe nyeupe, ambazo hazitengenezi himoglobini kabisa. Utakachopima ni HBG1 ndani ya nyutrofili, na haina habari. Unahitaji takwimu za seli changa za chembe nyekundu, kutoka uboho au zilizokuzwa maabara, na hizo zipo chache.

Kuna la ziada. Wagonjwa wa selimundu wenyewe mara nyingi wana chembe nyekundu zenye viini zinazozunguka kwenye damu, jambo ambalo kwa mtu mzima wa afya halionekani. Chembe hizo zina mpangilio wake wa metilesheni, tofauti kabisa na chembe nyeupe, na rejea za damu ya watu wazima hazina safu yake. Programu itazigawa kwa nguvu miongoni mwa aina inazozijua. Rejea za damu ya kitovu ndizo zenye safu hiyo, kwa sababu watoto wachanga wanazo. Jaribu zote mbili ulinganishe.

Mpangilio wa chipu nao uangaliwe. Jina la faili ya IDAT lina namba ya kipande cha kioo na nafasi ya sampuli juu yake, mfano R03C02. Kipande cha 450K hubeba sampuli 12, cha EPIC sampuli 8. Panga jedwali dogo: kipande kwa mstari, mgonjwa na mzima kwa safu. Kama wagonjwa wote wako kwenye vipande vyao na wazima kwenye vyao, achana na fungu hilo. Wapo watakaokuambia tumia programu ya ComBat itarekebisha. Katika hali hiyo haiwezi kujua tofauti ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya siku ya upimaji, na hata pale wagonjwa na wazima walipochanganyika kidogo tu kwenye vipande, ukiibana irekebishe huku ukilinda tofauti ya ugonjwa, inaweza kukuzalishia tofauti ambayo haikuwepo.

Kabla ya kuamini matokeo yoyote, jijaribu kwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Fungu la GSE42861 lina damu ya watu 689, wagonjwa 354 wa baridi yabisi na wazima 335, pamoja na umri, jinsia na uvutaji sigara. Weka ugonjwa pembeni, linganisha wavutaji na wasiovuta. Probu cg05575921 iliyo kwenye jeni ya AHRR lazima iwe juu kabisa au karibu na juu, ikiwa imeshuka kwa wavutaji. Kisha pima umri: cg16867657 ya ELOVL2 lazima ipande kadiri umri unavyopanda. Zisipotokea, kuna mahali umekosea, na mara nyingi ni mpangilio wa majina: safu za jedwali la beta hazifuatani na safu za maelezo ya watu. Hakuna haja ya kutafuta jeni mpya ya ugonjwa wowote kwa mtiririko wa hesabu unaoshindwa kuona sigara.

Hesabu yenyewe, kwa programu ya limma, si ngumu. Tumia M katika kupima, maana beta karibu na 0 na 1 hubanana, halafu ripoti tofauti kwa beta ili msomaji aelewe. Kwa probu 866,000, kigezo cha p chini ya 0.05 kitakupa probu zaidi ya 43,000 kwa bahati tu. Kigezo kinachokubalika kwa EPIC ni 9 kwa milioni 100. Tofauti nyingi za magonjwa ya kawaida katika damu ni ndogo, beta 0.02 hadi 0.05, na kwa watu 20 hutaziona; bora useme hivyo kuliko kulegeza kigezo. Na ukipeleka orodha ya jeni zako kwenye uchambuzi wa kazi za jeni, tumia programu ya missMethyl, kwa kuwa jeni yenye probu nyingi ina nafasi kubwa ya kuingia kwenye orodha hata ikiwa haina hatia.

Kwa saratani, TCGA ni hazina, ila isomwe kwa makini. Utambulisho wa sampuli una tarakimu mbili baada ya namba ya mgonjwa: 01 ni uvimbe wa awali, 06 ni uliosambaa, 11 ni tishu nzima ya jirani. Wanaokata utambulisho kwenye herufi 12 za mwanzo wanabaki na namba ya mgonjwa tu, na uvimbe unachanganyika na tishu nzima bila kelele. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni mzigo mkubwa kwa wanawake wa Tanzania, TCGA ina uvimbe wa awali 307 uliopimwa metilesheni, na tishu nzima 3 tu. Kulinganisha 307 na 3 kisha kutangaza viashiria vya uchunguzi ni mchezo. Afadhali linganisha uvimbe kwa uvimbe, kwa mfano kwa aina ya kirusi cha HPV, kama walivyofanya watafiti waliochapisha mwaka 2020 uchambuzi wa uvimbe 118 wa wanawake wa Uganda, wengi wao wakiishi na VVU, wakaona metilesheni inatofautiana kulingana na ukoo wa HPV. Hao ni majirani zetu.

Angalizo la kiufundi: GDC hutumia ramani ya DNA ya hg38, maelezo ya awali ya 450K ni ya hg19, ramani ya zamani. Ukiunganisha kwa namba ya nafasi utapata jeni zisizohusika. Unganisha kwa jina la probu. Na EPIC toleo la pili limeongeza mkia kwenye majina, mfano cg00000029_TC21, kwa hiyo ukiunganisha na chipu za zamani bila kukata mkia huo utaambiwa hakuna probu hata moja inayofanana. Ukishaukata, baadhi ya majina yatajirudia, kwa kuwa chipu hiyo ina probu zaidi ya moja kwa baadhi ya CpG. Chukua wastani au chagua moja.

Neno moja kwa waandishi wa gazeti lako. Matangazo ya kupima "umri halisi wa mwili" kwa metilesheni yameanza kuonekana mitandaoni. Saa ya Horvath ya mwaka 2013, hesabu inayokadiria umri kutokana na metilesheni, inatumia CpG 353 na ilikuwa na kosa la kati la miaka 3.6, kwenye chipu ya EPIC CpG 19 kati ya hizo hazipo kabisa. Anayekuuzia kipimo kinachosema umepungua umri kwa miaka miwili baada ya kunywa juisi fulani anauza namba iliyo ndani ya kosa la kipimo chenyewe. Mwulize ni chipu gani, na alifanya nini na CpG zilizokosekana.

Wale watakaofika hatua ya kupima sampuli zetu wenyewe wajue kwamba mafungu matatu ya nukta niliyoyataja juu ni sehemu ya DNA ya mtu, na yanaweza kumtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kinahusika, na sampuli haitoki nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba takwimu zitawekwa kwenye kanzidata ya umma, maana kurudi kwa mshiriki miaka mitatu baadaye kuomba ruhusa hiyo ni kazi isiyowezekana.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Mafungu yanayotumika mara kwa mara yawekwe kwenye seva ya chuo, pamoja na orodha ya probu za kuondoa iliyochujwa kwa fungu la Afrika, ili wanafunzi 30 wasipakue faili zilezile kila mmoja kwa bando lake. Diski ya TB 4 inatosha na inabaki. Na watahini wa tasnifu wadai kurasa mbili za kiambatisho: idadi ya probu zilizoondolewa katika kila hatua na sababu yake, na mchoro wa nukta wa kila probu iliyotajwa kwenye ikisiri.

Mchambuzi wa bioinfomatiki,
Upanga, Dar es Salaam